Kutoka Mwaloni Hadi Kwenye Tenga

Katika mwalo wa Majanji, pale Wilaya ya Busia inapokutana na Ziwa Viktoria, nilimkuta mama mmoja amechuchumaa kando ya mtumbwi akimgeuzageuza kwa kijiti ndege aliyekufa. Alikuwa buabua, mweupe tumboni na wa kijivu mgongoni, bawa moja limekunjuka na la pili limebanwa chini ya kiwiliwili, chembe za mchanga zimeganda kwenye mdomo wake mwembamba mweusi. Hatua chache kutoka hapo, bata wa mama huyo walikuwa wakichokoa matope kwenye ukingo wa maji, karibu na nyavu kuukuu ambazo wachuuzi huanikia dagaa.

"Mwanangu," aliniuliza bila kuinua uso, "huyu amekufa na nini? Na hawa bata wangu niwafungie, au niwaache watafute riziki yao?"

Nilimjibu kama ambavyo mfugaji yeyote aliyewahi kuhudhuria semina angemjibu: asimshike ndege huyo kwa mikono mitupu, awatoe bata ufukweni, na tumpigie simu afisa wa mifugo. Alinisikiliza kwa heshima mpaka nikamaliza. Kisha akauliza jambo ambalo halimo katika semina nyingi.

"Nikiwafungia, mwanangu, watakula nini?"

Buabua mmoja aliyekufa si mlipuko wa ugonjwa. Ndege wanaohama hufa kwa uchovu, kwa njaa, kwa kunaswa na nyavu na kwa mengine mengi, na hakuna kuku wala bata aliyekufa pale kijijini baada ya siku ile. Hata hivyo swali la yule mama limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Ninafuga kuku wa mayai mjini Busia, upande wa Uganda, na nyumba yangu inaendeshwa na trei za mayai. Kila ninapofungua mlango wa banda alfajiri najikuta nikiuliza: ikiwa mafua ya ndege yatanifikia, yatakuja kwa njia gani hasa?

## Januari ya 2017

Wafugaji wa nchi hii wanaikumbuka. Mwanzoni mwa Januari 2017 wavuvi wa Lutembe, ghuba iliyo kati ya Kampala na Entebbe, waliona buabua wakifa kwa wingi usio wa kawaida. Haukupita muda taarifa nyingine ikatoka Bukakata, Masaka, kwenye gati la kivuko cha Kalangala, na huko waliokufa hawakuwa ndege wa mwitu peke yao. Walikuwamo kuku na bata wa nyumbani. Vipimo vilionyesha mafua makali ya ndege, aina ya H5N8, na ilikuwa mara ya kwanza kwa ugonjwa huo kuthibitishwa Uganda. Hakuna binadamu aliyeugua. Kenya na Rwanda zilizuia kuku na mayai yetu, na sisi wa mpakani tukaumwa mfukoni kabla hata kuku mmoja wa Busia hajakohoa.

Ukiutazama mlipuko ule kwa kalenda na ramani, ndege wa mwitu wana kesi ya kujibu. Lutembe ni ardhi oevu iliyo katika Ramsar, orodha ya kimataifa ya maeneo oevu muhimu, tangu 2006, na buabua wanaolala pale wakati wa msimu wamewahi kukadiriwa kuzidi milioni moja. Huzaliana Ulaya ya mashariki na katika nyika za Asia, hutufikia karibu na Oktoba na kuondoka kufikia Aprili. Virusi vya ukoo uleule wa H5N8 vilikuwa vimeonekana katikati ya 2016 kwa ndege wa mwitu katika ziwa la Uvs-Nuur, mpakani mwa Urusi na Mongolia, kisha vikaenea Ulaya kuelekea mwisho wa mwaka, na Januari vikawa hapa kwetu. Ni ratiba ya ndege hasa, wala huhitaji shahidi mwingine ili kushawishika.

Kwa hiyo katika mikutano ya wafugaji, kila jambo hili linapozuka, hasimami mmoja tu kupendekeza kwamba mafunjo yachomwe, miti wanayolala korongo ikatwe, na ndege wafukuzwe kwa moshi na makelele.

Mimi pendekezo hilo sikulipenda, lakini kwa muda mrefu sikuwa na hoja ya kulikataa zaidi ya kupenda ndege.

## Kesi ya buabua

Nilianza na jambo dogo. Buabua ni ndege wa anga na maji. Hula wadudu wanaofuka kutoka ziwani, na samaki wadogo wanaokaribia uso wa maji. Haingii uani kwa mtu kudonoa mahindi, halali juu ya paa la banda, na wala hana shughuli na kuku. Iweje basi ugonjwa uliomuua yeye uwafikie kuku wa Bukakata?

Jibu linapita kwa bata. Virusi vya mafua ya ndege huzaliana katika utumbo wa ndege wa majini na kutoka na kinyesi, na ndani ya maji vinaweza kudumu kwa muda unaotegemea sana joto. Katika maji baridi ya kaskazini hudumu kwa miezi. Katika kinyesi chenye unyevu, kwa nyuzi 4 za Selsiasi, virusi vya H5N1, ndugu wa H5N8, vimeonekana kuishi kwa siku 35 au zaidi. Kwa nyuzi 37 havifiki mbali zaidi ya siku 6. Ziwa letu, ambalo maji yake ya juu hukaribia nyuzi 25 mwaka mzima, si makazi mazuri kwa virusi, na jua la saa saba mchana juu ya mchanga mkavu ni baya zaidi kwao. Lakini ufukwe si mchanga mkavu peke yake. Kuna matope chini ya mafunjo, kuna kivuli cha mitumbwi, kuna madimbwi yanayojazwa na mawimbi, na hapo ndipo bata anapofanyia kazi. Huingiza mdomo matopeni, huchuja, humeza. Ukitaka kubuni chombo cha kukusanya virusi ukingoni mwa ziwa hutapata kinachomshinda.

Tena bata anaweza kubeba virusi na asionyeshe dalili yoyote, au akaugua kidogo tu, huku akivitoa kwenye kinyesi. Jioni hurudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe, akanywa kwenye sufuria ileile wanayonywea kuku, akalala katika kibanda kilekile.

Wengine husaidia pia. Mbwa hubeba mzoga. Kunguru hula mzoga na kuruka hadi jalalani. Mtoto humwokota ndege aliyedhoofika kwa sababu ni mrahisi kukamatwa, naye mtu mzima mwenye njaa humnyonyoa. Mwewe na tai wanaokula ndege wagonjwa huambukizwa na kufa.

Ndipo nikaona udhaifu wa wazo la kuchoma mafunjo. Ukiwafukuza buabua wa ghuba moja hukupunguza virusi hata kimoja. Umewatawanya wabebaji kwenye ghuba nyingine tano, na bata wa mwaloni wamebaki palepale. Shirika la Chakula na Kilimo na Shirika la Afya ya Wanyama Duniani yamekuwa yakishauri kwa miaka mingi kwamba ndege wa mwitu wasiuawe wala kufukuzwa kwa ajili ya kudhibiti ugonjwa huu, na sababu kubwa ni hiyohiyo.

## Dagaa katika chakula cha kuku

Kabla sijaendelea, kuna mashaka moja yaliyonigharimu usingizi, na najua wasomaji wanaosaga chakula chao wenyewe wataniuliza.

Dagaa wetu, mukene, huanikwa ufukweni. Juu yao hutembea yangeyange, shakwe na ndege wengine, na ndege akitembea hudondosha kinyesi. Dagaa hao husagwa na kuchanganywa na pumba za mahindi, mashudu na chokaa, kisha huliwa na kuku wangu. Je, si njia iliyonyooka kutoka ziwani hadi bandani, bila kupita kwa bata wala kwa mtu?

Nimeipima kwa yale yanayojulikana kuhusu virusi hivi na nimetulia, ingawa si kabisa. Virusi vya mafua vimezungushiwa utando wa mafuta, na utando huo huharibiwa na sabuni, na ukavu, na joto, na jua. Dagaa aliyekauka barabara juani, akakaa ghalani, akasafirishwa, akasagwa mashineni na kukaa tena guniani wiki nzima, si mazingira ya kirusi kuponea. Dagaa aliyeanikwa wakati wa mvua na kusagwa akiwa na unyevu ni habari nyingine, na huyo hafai hata kwa sababu za ukungu. Kinachonitisha zaidi ni gunia lenyewe, lililolazwa matopeni pale mwaloni, likapakiwa, likashushwa mlangoni kwangu. Na ndala za kijana aliyelibeba, aliyekanyaga kinyesi kibichi asubuhi hiyohiyo na kuingia bandani kwangu kunisaidia kulipanga.

Wataalamu wa mifugo hupenda kusema kwamba gramu moja ya kinyesi chenye virusi inaweza kutosha kuambukiza ndege milioni moja. Sihitaji hesabu hiyo iwe kamili. Nahitaji tu kuitazama soli ya ndala.

## Walioanza si wa mwitu

Jambo lililogeuza mawazo yangu kabisa ni historia, na naona ajabu kwamba katika mikutano yetu haitajwi.

Mabata mwitu wamekuwa wakibeba virusi vya mafua kwa muda usiojulikana, na kwa kawaida virusi hivyo ni vya upole. Ili kirusi kiweze kuingia ndani ya seli, protini iliyo juu yake lazima kwanza ikatwe na kimeng'enya. Katika aina za upole vimeng'enya vinavyoweza kuikata hupatikana utumboni na katika njia ya hewa tu, hivyo ugonjwa huishia huko. Lakini virusi vya makundi ya H5 na H7 vikiingia katika kundi kubwa la kuku na kupita kutoka kuku hadi kuku, mara nyingine hubadilika mahali pale pa kukatwa, vikawa vinaweza kukatwa na vimeng'enya vilivyomo mwili mzima. Hapo hushambulia ubongo, moyo, maini na mishipa ya damu kwa pamoja, na kuku hufa ndani ya siku moja au mbili.

Kwa mwituni, kirusi kinachomuua bata upesi hujikatia safari, kwa kuwa maiti haihami. Ndani ya banda lenye kuku elfu kumi, jirani yupo umbali wa shubiri, na kirusi hakina haja ya kumhurumia aliyekibeba.

Ukoo wa H5 unaoitikisa dunia leo, ambamo H5N1 na H5N8 hizi zimetoka, ulitambuliwa mwaka 1996 kwa mabata bukini wa kufugwa katika jimbo la Guangdong, China. Mwaka 1997 uliwaambukiza watu 18 huko Hong Kong na kuwaua 6, na serikali ikaamuru kuku wote wa eneo hilo wachinjwe, zaidi ya milioni moja. Kwa miaka iliyofuata ulizunguka hasa katika mabanda na masoko ya Asia. Kisha mwaka 2005 maelfu ya ndege wa mwitu walikufa katika ziwa la Qinghai, China, na tangu hapo virusi vikaanza kusafiri magharibi. Februari 2006 vilithibitishwa Nigeria, mara ya kwanza barani Afrika, katika shamba la kuku.

Ndege wa mwitu walipokea kutoka bandani. Buabua wa Lutembe walikuja na mzigo ambao kizazi au vizazi kadhaa nyuma ulifungwa na wafugaji, na wao wenyewe ndio walioangamia kwa wingi. Sasa msiba huo umefika hata mahali ambapo hakuna kuku wa kulaumiwa: mwaka 2022 mwari walikufa kwa wingi katika pwani ya Peru, na mwaka 2023 virusi vya H5N1 viliua zaidi ya vitoto 17,000 vya sili-tembo katika rasi ya Valdés, Argentina, karibu kizazi chote cha mwaka huo.

Kwa hiyo ninaposikia mfugaji mwenzangu akisema "hawa ndege wanatuletea magonjwa," natamani kumwambia kwamba deni hilo lina kurasa mbili, na ukurasa wa kwanza umeandikwa kwa mkono wetu.

## Maswali mawili yaliyofungwa kamba moja

Hata hivyo historia haijibu swali la mlango wa banda langu. Haijalishi nani alianza. Leo virusi vinaweza kushuka na ndege Oktoba yoyote.

Nimegundua kwamba tunapouliza "mafua ya ndege huenezwa na nani?" tunauliza maswali mawili kwa pamoja. La kwanza ni jinsi yanavyofika katika nchi au katika wilaya. La pili ni jinsi yanavyotoka ua mmoja hadi ua wa pili na wa mia. Majibu yake hayafanani, na ugomvi mwingi kati ya wapenda ndege na wafugaji unatokana na kujibu moja kwa ushahidi wa lingine.

Mfano ulio wazi zaidi uko Marekani. Virusi vya H5N8 viliibuka Korea Kusini mwanzoni mwa 2014. Kabla mwaka haujaisha vilikuwa vimefika Ujerumani, Uholanzi na Uingereza upande mmoja, na Amerika Kaskazini upande wa pili. Nchi hizo hazikuwa zikinunua kuku kutoka duka moja. Kinachoziunganisha ni maeneo ya kaskazini ya mbali ambako ndege wa mabara hayo huchanganyika wakati wa kuzaliana, na hapo shaka kuhusu nafasi ya ndege wa mwitu ikapungua sana. Lakini tazama kilichofuata. Virusi hivyo vilichanganyika na vya ndege wa huko, vikaingia mashambani, na kufikia katikati ya 2015 kuku na batamzinga wapatao milioni 50 walikuwa wamekufa au kuchinjwa, wengi wao katika majimbo ya Iowa na Minnesota. Uchunguzi uliofanyika ulionyesha kwamba kutoka shamba hadi shamba virusi vilipanda magari, vifaa vinavyoazimwa, na wafanyakazi wanaohudumia mashamba zaidi ya moja, mbali na vile vilivyoletwa upya na ndege na pengine na upepo.

Ndege walifungua mlango mara chache. Gari liliingia kila siku.

Wakati mwingine hata mlango hufunguliwa na binadamu. Mwaka 2004 maofisa wa forodha katika uwanja wa ndege wa Brussels walimkamata msafiri kutoka Thailand aliyeficha tai wawili hai katika mizigo yake ya mkononi. Tai wote wawili walikutwa na H5N1, nao walikuwa wamevuka mabara bila kupiga bawa hata mara moja.

## Jioni ya kifo cha kwanza

Sasa turudi Uganda, ambako mashamba ya kuku elfu kumi ni machache na nyua zenye kuku ishirini ni nyingi mno.

Mfugaji anaamka na kukuta kuku watatu wamekufa. Mwingine amejikunyata, kilemba chake kimegeuka zambarau, macho yamevimba, kinyesi ni cha kijani. Mfugaji anasema ni mdondo (ugonjwa wa Newcastle), na mara nyingi sana anakuwa sahihi, kwa kuwa mdondo hutupitia karibu kila kiangazi na kufagia kuku wa kienyeji ambao hawakuchanjwa. Lakini mdondo na mafua makali ya ndege havitofautishwi kwa macho. Hata daktari wa mifugo mzoefu hutuma sampuli maabara.

Mfugaji hana siku za kusubiri maabara. Anachojua, kwa uzoefu wa wazazi wake na wake mwenyewe, ni kwamba waliobaki hai wana thamani leo, na kesho huenda wasiwe nayo. Anampigia mchuuzi. Saa kumi jioni mchuuzi anafika na pikipiki, anafunga kuku miguu kwa makamba ya mgomba, anawaning'iniza kichwa chini kwenye usukani, wengine upande huu na wengine upande ule, na njia nzima kuelekea mjini manyoya na kinyesi vinapeperuka nyuma yake.

Nimesimama mara nyingi kwenye soko la kuku nikitazama kinachofuata, maana ni jirani na ninakonunulia pumba. Kuku wa pikipiki wanafunguliwa na kusukumwa ndani ya tenga ambalo tayari lina kuku wa kutoka Tororo, Mbale na Soroti. Matenga yamepangwa ghorofa tatu. Kinyesi cha tenga la juu hupita kwenye nyufa na kuwadondokea wa katikati, na cha wa katikati huwadondokea wa chini, ambao wamechakaa manyoya ya mgongoni na wamegeuka rangi. Chungu kimoja cha maji huzungushwa. Anayechinja hujipangusa kisu kwenye aproni na kukamata mwingine. Bata mmoja wawili wamefungwa mguu wa meza. Jioni matenga hayaoshwi. Hupakiwa yakiwa na gamba la kinyesi cha miezi, tayari kwa kijiji kingine alfajiri.

Halafu kuna wale wasionunuliwa. Mwanakijiji aliyeleta majogoo manne na kuuza mawili huwarudisha wawili nyumbani, na usiku huo hulala na wenzao. Kama sokoni kulikuwa na kitu cha kuokota, wamekiokota.

Sasa weka hayo yote kwenye kalenda. Buabua wapo hapa kuanzia Oktoba hadi Aprili, na katikati ya msimu huo ndipo inapoangukia Krismasi, wakati ambapo kuku wa nchi hii husafiri kuliko wakati mwingine wowote: vijijini kwenda mijini, mijini kurudi vijijini kama zawadi, na kuvuka mpaka pande zote mbili, kwa barabara kuu na kwa njia za panya. Mlipuko wa 2017 ulijulikana mara tu baada ya mwaka mpya. Sisemi kwamba sikukuu iliusababisha, maana walioanza kufa ni buabua. Nasema kwamba kama virusi vingechagua majira ya kutua, visingepata bora zaidi ya hayo.

Simlaumu mfugaji anayeuza jioni ile. Sheria inamtaka atoe taarifa, na akishatoa taarifa ua wake unaweza kufungwa na kuku wake wakachinjwa wote. Palipo na fidia ya haraka na ya haki, watu huripoti. Palipo na ahadi tu, hupiga simu kwa mchuuzi kabla ya kumpigia daktari, na hilo limeonekana katika nchi nyingi zilizopambana na ugonjwa huu. Mwenye kuku ishirini anapoambiwa awapoteze wote kwa faida ya taifa ana haki ya kuuliza taifa litampa nini. Ndiyo maana swali la chakula cha bata wa Majanji liliniuma. Kuwafungia bata ni ushauri sahihi wa kitaalamu, na gharama yake yote inabebwa na mama mmoja, wakati faida yake ni yangu mimi mwenye kuku mjini, na ya mchuuzi, na ya mnunuzi wa upande wa pili.

Wakati huohuo sokoni yapo mambo ambayo hayahitaji fidia ya mtu. Hong Kong, baada ya kipigo cha 1997, iliwatenganisha bata na kuku katika masoko, ikaweka siku moja kila mwezi ambayo masoko yote ya ndege hai yanafungwa, yanamwagwa na kuoshwa kuanzia 2001, na baadaye ikapiga marufuku kuku hai kulala sokoni. Vipimo vilionyesha kwamba siku hizo za mapumziko zilipunguza virusi sokoni. Busia tunaweza kuanza na tenga moja lililooshwa kwa sabuni na kuachwa juani, kwa sababu jua tunalo la kutosha na halitozwi ushuru. Nimelisema hilo kwa viongozi wa wachuuzi. Wamelipokea vizuri, na matenga bado hayajaoshwa.

## Trei

Upande wangu nimebadilisha niliyoweza. Kuna viatu vya bandani ambavyo havitoki nje, na viatu vya nje ambavyo haviingii. Wapakuzi wa magunia hushusha getini. Nimeziba kwa wavu ndogo matundu ambayo shomoro walikuwa wakipitia, na maji ya kuku wangu hutoka bombani, hayatoki bwawani. Kazi hizo zilinichukua muda na pesa kidogo, nikadhani nimemaliza.

Kisha siku moja nikaitazama trei.

Ilikuwa ya karatasi, ya kijivu, ya mayai thelathini, na ilikuwa imerudi kutoka upande wa Kenya na mnunuzi aliyekuja kujaza tena. Katika mashimo mawili palikuwa na kiini kilichokauka. Pembeni palikuwa na alama ya kinyesi, kilichokolea katikati na chepesi kingoni, na unyoya mdogo wa rangi ya kahawia umenasia hapo. Mimi nafuga kuku weupe. Trei hiyo ilikuwa imepita katika banda la mtu mwingine, au la watu wengine wawili watatu, na ilikuwa imewekwa juu ya meza yangu ndani ya geti, karibu na mlango ambao nakataza viatu kupita.

Trei ya karatasi haioshiki. Ukiilowesha imekwisha. Ya plastiki huoshwa kwa sabuni na kuanikwa, lakini bei yake ni ya juu, na mnunuzi akiondoka nayo hairudi. Nilipendekeza kwa wateja wangu wakubwa kwamba tununue za plastiki, tugawane gharama, ziwe na rangi yangu na zisijazwe kwa mfugaji mwingine. Wawili walikubali. Wa tatu, ambaye ndiye anayenunua mengi kuliko wote, aliniambia bila kuficha kwamba siku nzima yeye hukusanya kwa wafugaji saba, na hawezi kuwa na trei za rangi saba.

Tumefikia makubaliano. Trei zake haziingii. Huishia kwenye benchi nje ya geti. Mimi huleta mayai katika trei zangu, tunayahamisha kwa mkono yai moja moja, kisha zangu hurudi ndani na zake huondoka. Tunachelewa, na kila mzigo mayai mawili matatu huvunjika. Mwanzo alidai hasara hiyo iwe yangu, kwa kuwa wazo ni langu. Sasa tunagawana nusu kwa nusu.